FRANZ STUHLMANN: MJERUMANI ALIYEPITA KARAGWE AKIKUSANYA MAJANI

Leo siasa na mpira naviweka pembeni, nataka niwape historia ya mtu mmoja ambaye mimi shuleni sikumsoma kabisa, au labda alitajwa siku ambayo sikwenda. Anaitwa Franz Stuhlmann. Mjerumani, kazaliwa Hamburg mwaka 1863, kafia hukohuko Hamburg mwaka 1928. Sasa unajiuliza kijana wa Mabira, wilaya ya Kyerwa, anamtafutia nini Mjerumani aliyekufa karibu miaka mia moja iliyopita. Subiri nikueleze, maana yote yalianza na mti wa bibi yangu.

Nyumbani kwa bibi nyuma ya jiko kuna mhumula mmoja mkubwa. Waganda wanauita musizi, na wauza mbao wengi wanaujua kwa jina hilo. Umenyooka kama nguzo ya umeme, chini yake kuna kahawa, na babu kabla hajafariki aliacha agizo mtu asiuguse. Sasa hapa katikati mjomba kapata mteja wa mbao, bei nzuri tu, na vikao vya familia vikawa haviishi. Mimi nilikuwa upande wa mti. Nilikuwa nawaambia kuwa huu ni mti wetu wa asili, sio kama hii mikaratusi iliyoletwa na wageni inayokunywa maji mabondeni, kwa hiyo ukiukata umekata historia. Nikawa najiona mwanaharakati kweli kweli.

Halafu nikaenda Tanga kwenye harusi ya binamu yangu. Safari ya kutoka huku kwetu mpaka Tanga mnaijua wenyewe, ni kukaa kwenye basi mpaka miguu inavimba. Harusi ilipoisha nikasema siwezi kurudi bila kuona Amani, maana nilishasikia kwamba kuna bustani ya miti ya dunia nzima. Nikachukua pikipiki Muheza, tukapanda milima ya Usambara Mashariki, barabara ya kona kona, mashamba ya chai, baridi inaanza taratibu. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari.

Jamani, ile sio bustani ya maua ya kupigia picha za harusi. Ni msitu. Karibu hekta 300 za miti iliyopandwa kwa mafungu, fungu hili miti kutoka Asia, lile kutoka Amerika ya Kusini, kule mianzi minene kama mapaja. Kuna mikafuri, ukisugua jani lake mkononi linanuka kama dawa ya kifua. Kuna mikwinini ambayo magome yake ndiyo yalikuwa yanatengenezwa dawa ya malaria, asili yake milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Kuna miti ya mpira ya aina tofauti tofauti. Kuna mitiki, mdalasini, na mingine kibao ambayo hata huyo kijana aliyekuwa ananitembeza alikuwa anaitaja kwa majina ya Kilatini tu, maana ya Kiswahili haina.

Tukafika sehemu fulani nikaona mhumula. Nikapiga kelele kama mtu aliyekutana na ndugu yake Kariakoo. Nikamwambia yule kijana kwamba huu ni mti wa kwetu, uko nyuma ya jiko la bibi yangu. Yeye hakufurahi hata kidogo. Akanieleza kwa upole kuwa huo mti ndio tatizo lao kubwa pale. Uliletwa kama mgeni, ukapandwa, halafu ukatoroka bustanini ukaingia msitu wa asili. Hondohondo wanakula matunda yake wanakwenda kuangusha mbegu mbali. Unakua haraka mno, na popote palipokatwa miti mikubwa pakaingia mwanga, wenyewe unawahi nafasi kabla ya miti ya pale haijaamka. Na ukisema uukate, unafungua mwanga mwingine, miche yake inachipua zaidi. Nikanyamaza. Ni kama umesifia ndugu yako ugenini halafu unaambiwa ndiye mwizi wanayemtafuta.

Jina lake la kitaalamu ni Maesopsis eminii. Hilo eminii ndilo lililonirudisha kwenye kafe ya intaneti nilipofika nyumbani, nikamaliza saa tatu na hela ya vocha yote. Emin ni Emin Pasha. Na mtu aliyekuwa anatembea na Emin Pasha akikusanya majani ya miti huku kwetu ndiye huyu Stuhlmann.

Haya, tuanze naye sasa.

Huyu bwana hakusomea miti, alisomea wanyama. Alipata udaktari wa elimu hiyo akiwa kijana mdogo tu, na mwaka 1888 akatua Zanzibar akiwa na umri wa miaka 24 hivi, amekuja kutafuta viumbe vya baharini na vya maji baridi. Akaenda mpaka Quelimane kule Msumbiji, anakusanya tu, samaki, konokono, wadudu, mimea. Ndio maana mpaka leo ukiangalia orodha za wataalamu jina lake limebandikwa kila mahali. Mpangapanga, ule mti wa mbao ngumu nyeusi wa Msumbiji, kitaalamu ni Millettia stuhlmannii. Kuna mgunga wenye jina lake, kuna ndege aina ya kwezi, kuna hata fuko. Mtu ana fuko lenye jina lake, sijui ni heshima au utani.

Lakini alifika wakati mbaya. Mwaka huohuo wa 1888 pwani ilikuwa inawaka moto, Abushiri na watu wake wamewakatalia Wajerumani. Stuhlmann akaweka chupa zake za samaki pembeni akaingia jeshini, akapigana na akajeruhiwa. Hapa ndipo mimi huwa natofautiana na wale wanaoandika habari za wanasayansi wa zamani kana kwamba walikuwa malaika wenye darubini. Jamaa alivaa sare. Alikuwa upande wa waliokuja kuchukua nchi.

Mwaka 1890 Emin Pasha akaajiriwa na Wajerumani. Huyu Emin naye ana historia yake ndefu, jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, alikuwa gavana wa Equatoria kule kusini mwa Sudan kwa niaba ya Misri, Stanley akaenda kumtoa, na walipofika Bagamoyo Desemba 1889 Emin akaanguka kutoka dirishani kwenye karamu ya kumpongeza, akaumia vibaya. Alipopona, badala ya kurudi Ulaya kupumzika, akageuza njia kurudi bara na msafara mkubwa wa askari na wapagazi. Stuhlmann akawa msaidizi wake. Waliondoka Bagamoyo Aprili 1890, wakapita Tabora, wakafika ziwa Victoria, na Novemba mwaka huo wakaanzisha kituo cha Bukoba. Ndiyo, Bukoba hii tunayokwenda kufuata vyeti. Ilianza kama kambi ya Emin na Stuhlmann.

Na ni huko Bukoba ambako Stuhlmann alichuma majani ya mhumula, akayakausha kwenye karatasi, akayafunga, yakasafiri mpaka Berlin. Huko mtaalamu mkubwa wa mimea Adolf Engler akayaangalia akaona ni mti ambao Wazungu hawajauandika bado, na mwaka 1895 akautangaza kwa jina la Emin. Yaani mti ambao Wahaya na Wanyambo walikuwa wanaujua tangu enzi na enzi, una jina, una kazi, siku hiyo ndiyo umegunduliwa. Na hata aliyeubeba hakupewa yeye, akapewa bosi wake.

Februari 1891 msafara ukatoka Bukoba ukaelekea magharibi, ukaingia Karagwe. Hii ndiyo sehemu niliyoitafuta kwa hamu. Karagwe ya wakati huo ilishapitiwa na Speke mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876, wote wakimsifia mfalme Rumanyika. Stuhlmann alikuta nchi nyingine. Rumanyika alishakufa, ufalme umedhoofika kwa ugomvi wa urithi, na juu ya hayo sotoka ilikuwa inaua ng'ombe. Fikiria nchi ambayo ng'ombe ndiyo mahari, ndiyo maziwa, ndiyo heshima, halafu wanakufa kwa makundi, na hapohapo wanatokea wageni wenye bunduki. Wakapita wakavuka mto Kagera kuelekea Mpororo. Wakati wote huo Stuhlmann anaandika, anachora ramani, anapima urefu wa milima, anachuma majani.

Nilipokuwa nasoma hapo nikawa najiuliza ni nani alikuwa anamwambia huu mti ni fulani na unatibu kitu fulani. Maana mgeni hawezi kujua peke yake. Lazima kulikuwa na mtoto wa mtu, mchunga ng'ombe au mganga, amesimama naye kwenye njia anamwonyesha. Majina yao hayapo kwenye mti wowote.

Wakaendelea mpaka ziwa Edward, na Juni 1891 Stuhlmann akapanda Rwenzori. Hakufika kileleni, alifika kama mita 4,000 hivi, lakini alikuwa wa kwanza kueleza vizuri jinsi mimea inavyobadilika kadiri unavyopanda, migomba na mashamba chini, halafu msitu, halafu mianzi, halafu zile mimea za ajabu za juu ambazo huku chini ni majani madogo lakini kule ni miti. Vilele alivyoviona akavipa majina ya maprofesa wa Kijerumani. Mpaka leo kuna njia kati ya milima miwili ya Rwenzori inaitwa Pasi ya Stuhlmann.

Kisha mambo yakaharibika. Walipofika upande wa Ituri, ndani ya Kongo, ndui ikaingia kwenye msafara. Emin mwenyewe macho yalishakuwa hayaoni vizuri. Desemba 1891 akamwamuru Stuhlmann achukue watu wazima wa afya arudi nao Bukoba, yeye abaki na wagonjwa. Ni uamuzi mgumu sana kwa yeyote, kumwacha mzee kipofu msituni na watu wanaokufa. Stuhlmann akatii, akafika Bukoba mwanzoni mwa 1892. Oktoba mwaka huo Emin akauawa ndani ya Kongo. Kwa hiyo vitu vingi vya safari ile tunavijua kwa sababu Stuhlmann alirudi navyo, na mwaka 1894 akatoa kitabu kinene Berlin kuhusu safari yake na Emin.

Kuna jambo moja ambalo ningeweza kuliruka hadithi ikaenda vizuri, ila siwezi. Mwaka 1893 aliporudi Ulaya alikwenda na wanawake wawili vijana wa Kimbuti kutoka misitu ya Kongo. Maprofesa wakawapima vichwa na urefu, wakawapiga picha, kisha wakarudishwa Afrika Mashariki. Yaani majani kwenye karatasi, samaki kwenye chupa, na binadamu kwenye meli, vyote ni mkusanyiko. Mimi nina dada zangu. Nikifika hapo huwa nafunga ukurasa kwanza.

Baada ya hapo akawa mtu wa ofisini Dar es Salaam, mambo ya upimaji, ramani na kilimo, na kuna vipindi alikaimu ugavana wa koloni zima. Ndipo linapokuja wazo la Amani. Waholanzi walikuwa na bustani maarufu sana kule Java, mahali walipopaita Buitenzorg, siku hizi Bogor, nchini Indonesia. Stuhlmann alikwenda kuizuru, na India pia, akaona jinsi wenzao wanavyojaribu mimea kutoka pande zote za dunia kabla ya kuwapa wenye mashamba. Wajerumani wakataka ya kwao. Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya Amani, na Stuhlmann akawa mkurugenzi wake wa kwanza.

Tusidanganyane, haikuanzishwa kwa ajili ya bibi yangu. Ilikuwa ni ya kuwasaidia walowezi wajue mpira upi unatoa utomvu mwingi, kahawa ipi, mkonge, pamba, kwinini. Msitu ukafyekwa, barabara zikachongwa, na waliofyeka na kubeba mizigo kupanda mlima ule ni watu wetu. Mbegu zikaja kutoka kila kona. Mingi ikafa, mingi ikakataa baridi, lakini mamia ya aina yakashika. Bustani nzima ni kama mtihani mkubwa, na miti iliyobaki ndiyo iliyofaulu.

Stuhlmann hakukaa kuyaona yote. Mwaka 1908 alirudi Hamburg, Amani ikabaki chini ya mtaalamu mwingine, Albrecht Zimmermann. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, koloni likiwa limefungiwa bahari na Waingereza, Amani ndiyo iliyokuwa inatengeneza kwinini na vitu vingine ambavyo meli haziwezi kuleta, mpaka Waingereza walipoichukua mwaka 1916. Na mhumula wetu ulipelekwa Usambara karibu na mwaka 1913, Stuhlmann akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo huwezi kumbambikia kesi ya kuupanda. Yeye aliupa cheti cha kusafiria, wengine wakausafirisha, na wengine tena, kwenye miaka ya 1960, wakaupanda kwa wingi kwa ajili ya mbao. Msitu ulipokatwa magogo miaka ya 1970 na 1980 ndipo ukapata uwanja.

Kwa upande mwingine, wadau, Amani imetulisha. Muhogo miaka ya 1930 ulikuwa unashambuliwa na magonjwa, batobato na michirizi kahawia. Watafiti wa Amani wakati wa Waingereza wakachukua muhogo wakauchanganya na ndugu yake, ule mti wa mpira unaotoka Brazil ambao Wajerumani walishauleta, wakapata mbegu zinazostahimili. Uzao wa kazi ile bado unatumiwa na wataalamu wa muhogo hadi leo. Mti ulioletwa kwa ajili ya mpira wa tajiri ukaishia kwenye ugali wa maskini. Hilo hakulipanga Stuhlmann wala mtu mwingine.

Mwaka 1909 akiwa Hamburg alitoa kitabu kingine, na hiki ndicho kilichonivuruga zaidi. Alifuatilia mazao ya Afrika Mashariki yametoka wapi. Nikatoka kafe nikaenda kusimama kwenye kibanja cha bibi nikaanza kuhesabu. Migomba, asili yake Asia ya kusini mashariki. Maharage, Amerika. Mahindi, Amerika. Muhogo, Amerika. Parachichi, Amerika. Fenesi, India. Mikaratusi na migrevilea, Australia. Kilichobaki cha kwetu hapo ni kahawa ya robusta, mtoma uliokuwa unatoa vazi la magome, na mhumula. Yaani kibanja cha bibi ni Amani ndogo, tofauti ni kwamba hakina vibao. Mimi niliyekuwa nasimama kwenye kikao kutetea mti wa asili dhidi ya miti ya wageni, asubuhi yake nilikuwa nimekula katogo, ndizi na maharage, sahani nzima ya wageni.

Stuhlmann alifariki Novemba 1928. Na yale majani? Mengi ya makusanyo ya Berlin yaliungua Machi 1943, jengo lilipopigwa mabomu katika vita ya pili ya dunia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya alichobeba kutoka kwetu kwa vichwa vya wapagazi, mamia ya maili mpaka Bagamoyo, iligeuka majivu. Miti yenyewe huku ikaendelea kusimama bila habari.

Mimi bado sijamaliza kuamua kuhusu huyu mtu. Kuna siku namwona mwizi mwenye elimu. Kuna siku, hasa nikikumbuka ule ukimya wa Amani na harufu ya kafuri, naona kuwa bila daftari zake nisingejua hata ng'ombe wa Karagwe walikufa vipi mwaka ule, maana wazee waliosimulia wameondoka na sisi hatukuandika.

Basi nikarudi kwenye kikao cha familia nikawaeleza yote, Bukoba, Berlin, Usambara. Nilikosea sana. Mjomba alidaka hapohapo kwenye hondohondo, akasema kumbe hata serikalini huu mti wanauona ni adui, wauzwe wote. Nikajaribu kueleza kwamba huko ni mgeni na hapa ni mwenyeji, hakuna aliyenisikiliza. Bibi alikuwa kimya muda wote anachambua maharage. Mwishoni akaniuliza kitu kimoja tu, kama huko Amani chini ya mihumula yao kuna kahawa. Nikamwambia sikuiona. Akasema basi wao wana mambo yao na sisi tuna yetu, na chini ya huu wa kwake kuna kahawa bado mbichi.

Kikao kimeahirishwa mpaka kahawa ivunwe. Wadau wa Muheza na Amani mliopo humu, nielezeni hapo chini, mbao za mihumula huko mnauza bei gani? Mjomba anataka kujua, na mimi nataka nimkatishe tamaa.